Waliulizwa Hali, Hawakuulizwa Rai: Kisa cha Karo Mpya za Vyuo Vikuu Nchini Kenya

Fomu yenyewe hujazwa kwa simu. Kijana aliyepata C+ au zaidi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kupangiwa chuo na KUCCPS, shirika linalowagawa wanafunzi vyuoni, huketi mahali penye mtandao, mara nyingi na simu ya kuazima, akafungua tovuti ya kuombea ufadhili na kuanza kujibu. Baba yuko hai? Mama je? Wanafanya kazi gani, na wanapata ngapi kwa mwezi? Wewe ulisoma shule gani ya msingi, na shule gani ya upili? Ndugu zako wangapi bado wako shuleni, na karo yao ni kiasi gani? Una ulemavu? Anabofya, anangoja. Baada ya wiki kadhaa anarudishiwa nambari moja, kati ya 1 na 5. Hiyo ndiyo bendi yake, na ndiyo inayoamua wazazi watauza nini.

Nimeanza na fomu kwa sababu kisa kizima kimo humo. Hakuna serikali iliyowahi kuwauliza wanafunzi wa Kenya maswali mengi kiasi hiki kuhusu umaskini wao. Lakini mfumo ulipokuwa ukibuniwa, swali lililokosekana ni lile jepesi kuliko yote: ninyi mtakaoulipia, mnauonaje?

Ilivyokuwa kabla

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa takriban shilingi 16,000 kwa mwaka. Mwana wa daktari na mwana wa mchuuzi walilipa sawa, awe anasomea historia au udaktari. Aliyehitaji zaidi aliomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao ulikuwa kati ya 35,000 na 60,000 kwa mwaka. 8,000 zikakatwa kwenda chuoni moja kwa moja na zilizobaki zikawa za kujikimu. Riba ilikuwa, na ingali, asilimia 4 kwa mwaka. Pengo kati ya hizo 16,000 na gharama halisi ya kozi lilipaswa kuzibwa na serikali.

Serikali haikuliziba. Chini ya utaratibu uliotangulia huu wa sasa, ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi. Mwaka baada ya mwaka kiasi kilichofika vyuoni kilipungua huku idadi ya wanafunzi ikipanda, hadi ikawa vyuo vinapata kama nusu ya gharama. Makato ya wafanyakazi hayakuwasilishwa, michango ya pensheni ikalimbikizana, madeni ya vyuo vya umma yakafika makumi ya mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo anayeeleza kisa hiki kana kwamba serikali iliharibu kitu kilichokuwa kizima anawapotosha wasomaji wake. Shilingi 16,000 zilikuwa bei ya zamani iliyobaki kwenye karatasi, na vyuo vilikuwa vikifilisika chini yake. Mageuzi yalihitajika. Ninachochambua hapa ni nani aliyekuwa mezani yalipofanywa.

Jibu lililotangulia swali

Septemba 2022, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais William Ruto aliunda jopokazi la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu. Jopokazi lilizunguka kaunti likipokea maoni, nao wanafunzi na wazazi walikuwa na nafasi ya kusema. Lilikabidhi ripoti yake kamili tarehe 1 Agosti 2023.

Sasa tazama kalenda. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulitangazwa na Rais tarehe 3 Mei 2023. Ni miezi mitatu kabla ya ripoti ile kuwekwa mezani. Kundi la kwanza, wale wa KCSE ya 2022, liliingia vyuoni chini ya mfumo huo muda mfupi baadaye. Waliokuwa tayari wamejaza kozi wanazozitaka kwa kudhani karo ni ileile waliyolipa kaka zao, walijikuta katika hesabu nyingine kabisa.

Na hesabu yenyewe haikutulia. Tangazo la 2023 liliwagawa wanafunzi katika makundi manne. Makundi mawili ya chini yangegharimiwa kikamilifu kwa mseto wa ufadhili na mkopo, na hata yale mawili ya juu familia zingechangia asilimia 7 tu. Asilimia 7! Ndiyo ahadi iliyosikika redioni na ambayo wazazi wengi waliishika. Kufikia Agosti 2024 makundi yalikuwa matano, na mchango wa familia ulikuwa umepandishwa: asilimia 5 kwa bendi ya kwanza, 10 kwa ya pili, 20 kwa ya tatu, 30 kwa ya nne, 40 kwa ya tano. Kutoka 7 hadi 40 ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Mzazi akikuahidi sare mpya kisha akuletee ya kaka yako, angalau atakwambia kwa nini.

Tupige hesabu kidogo

Bendi hupangwa kwa kipato cha kaya kwa mwezi. Ya kwanza ni ya wasiozidi shilingi 5,995. Ya pili hadi 23,670. Ya tatu hadi 70,000. Ya nne hadi 120,000. Ya tano ni wa juu ya hapo. Ufadhili usiorudishwa huanzia asilimia 70 kwa bendi ya kwanza na kushuka hadi 30 kwa ya tano. Mkopo ni asilimia 25 kwa bendi ya kwanza na 30 kwa nyingine zote. Juu ya hayo kuna pesa za kujikimu, ambazo nazo ni mkopo: 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, zikipungua kwa elfu tano tano hadi 40,000 kwa ya tano.

Chukua kozi ya kubuni yenye gharama ya shilingi 250,000 kwa mwaka. Familia ya bendi ya kwanza italipa 12,500. Ni chini ya zile 16,000 za zamani, na hili watetezi wa mfumo wana haki ya kulisema kwa sauti. Kwa maskini wa mwisho kabisa, akipangwa panapostahili, mfumo huu kwa karo pekee si adui.

Shida inaanzia katikati. Kaya inayopata 23,000 kwa mwezi iko bendi ya pili. Italipa 25,000 kwa mwaka, yaani kama asilimia 9 ya kipato chake. Jirani yake anapata 23,700, shilingi mia saba zaidi, labda kwa sababu ya zamu moja ya usiku. Yuko bendi ya tatu. Atalipa 50,000, ambazo ni karibu asilimia 18 ya kipato chake cha mwaka. Ndani ya bendi hiyohiyo ya tatu yumo anayepata 70,000 kwa mwezi, naye analipa 50,000 zilezile; kwake ni asilimia 6. Panda hadi bendi ya nne umkute anayepata 119,000: atalipa 75,000, kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo mfumo uliotangazwa kuwa utamtoza kila mtu kwa uwezo wake unambana zaidi mwenye 23,700 kuliko mwenye 119,000. Kikokotoo cha simu na dakika kumi vinatosha kuliona hilo. Naamini mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili wa takwimu angeliona siku ya kwanza, kama angeonyeshwa rasimu.

Kisha upande wa deni. Mwanafunzi huyo wa bendi ya tatu anakopa 75,000 za karo na 50,000 za kujikimu kila mwaka. Kwa miaka minne ni nusu milioni, kabla ya riba. Dada yake aliyesoma chini ya mfumo wa zamani, hata kama alipewa kiwango cha juu kabisa, alitoka na deni la 240,000. Anayechelewa kulipa hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi. Haya ni masharti ya kifedha ya kumfuata mtu hadi miaka ya thelathini ya umri wake, na anayeyakubali ni kijana wa miaka 18 anayebofya "nakubali" akiwa na wasiwasi kwamba bando litakwisha. Uzuri wa pesa kuingia kwenye simu siupingi. Kwamba mkopo mkubwa kuliko wowote aliowahi kuchukua baba yake unachukuliwa kwa njia ileile ya kununua muda wa maongezi, hilo lilihitaji mtu wa kuketi na wanafunzi na kuwaeleza.

Kipimo kisichoonekana

Waliopinga mfumo huu barabarani walizungumza sana juu ya pesa. Wanafunzi niliowasikiliza walirudi tena na tena kwenye jambo jingine: bendi yangu imetoka wapi?

Chombo kinachopanga bendi huitwa kwa herufi MTI, yaani kipimo cha uwezo wa kaya. Hukusanya majibu ya fomu, huyapa kila moja uzito wake, kisha hutoa daraja. Serikali ilikisifu kuwa cha kisayansi. Huenda ni kweli. Ila sayansi ambayo mwenye kupimwa haonyeshwi vipimo vyake inafanana sana na ramli. Kama kusoma shule ya msingi ya kibinafsi kunapandisha bendi, basi yule aliyesomeshwa na mfadhili, au na mjomba aliyefariki mwanafunzi akiwa kidato cha pili, anahukumiwa kwa utajiri wa mtu mwingine. Kama kipato cha mama muuza mboga kinaandikwa kwa kubahatisha, kwa sababu hana hati ya mshahara na msimu wa mvua si msimu wa kiangazi, basi kuvuka ile 23,670 ni suala la siku aliyoulizwa.

Malalamiko yaliyosikika 2024 yalikuwa ya aina hiyo: yatima waliojikuta bendi za juu, familia za watu wasio na kazi zikitakiwa kulipa kama za mameneja. Njia ya kukata rufaa ilikuwepo. Unaeleza upya, unaambatisha barua ya chifu, vyeti vya vifo, risiti za karo za wadogo zako. Lakini huwezi kupinga hesabu usiyoijua. Unabaki kujieleza kuwa maskini kwa maneno mengine, ukitumaini mashine itasikia safari hii.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliodai kwamba ushirikishwaji ungekuwa tu mikutano mingi ya hadhara. Mikutano ya hadhara ya Kenya tunaijua: hema, maji ya chupa, soda, daftari la mahudhurio, na hotuba ya mgeni rasmi inayokula saa mbili. Katika kisa hiki ushirikishwaji wenye maana ulikuwa mdogo na wa kiufundi: kuwaonyesha wawakilishi wa wanafunzi vigezo na uzito wake, kuwapa kaya mia moja za mfano wazipime wenyewe, kisha kusikia wanasema wapi kipimo kinakosea. Wanafunzi wanajua kaya za Kenya. Wametoka humo juzi.

Makomredi walikuwa wapi?

Msomaji wa rika langu atauliza: vyuo vya Kenya, vilivyokuwa vikitikisa serikali tangu enzi za Moi, vilikaaje kimya Mei 2023?

Jibu moja liko katika sheria iliyopita bila kelele nyingi. Mwaka 2016 uchaguzi wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, uliishia kwa vurugu na chuo kufungwa. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu. Kabla yake mwanafunzi alimpigia kura mwenyekiti wake moja kwa moja. Baada yake, kila kitivo, shule au idara huchagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi. Kiongozi hawezi kukaa zaidi ya vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja. SONU yenyewe ikatoweka, likaja jina jipya, UNSA.

Sheria ile ilikuwa na sababu zake. Kampeni za SONU zilikuwa zimegeuka soko la wanasiasa wa nje, na kuna walioumia. Iliweka pia sharti la jinsia zote mbili, jambo jema. Lakini fikiria matokeo yake kwa kisa chetu. Mwenyekiti aliyechaguliwa na maelfu ya wanafunzi wenzake ana deni kwa maelfu hayo. Aliyechaguliwa na wajumbe mia moja na ushei ana deni kwa hao mia moja, na wajumbe mia moja wanaweza kuandaliwa chakula cha jioni katika hoteli moja. Usimamizi wa chuo unawajua kwa majina. Na kwa muhula wa mwaka mmoja, kiongozi anakuwa ameielewa bajeti ya chuo wiki ileile anayokabidhi ofisi.

Juu ya hapo, baraza la chuo kikuu cha umma, chombo kinachoidhinisha bajeti na ada, limeundwa kisheria na mwenyekiti, katibu wa wizara ya elimu, mwakilishi wa Hazina ya Taifa, wajumbe walioajiriwa kwa ushindani, na makamu wa chansela. Mwanafunzi hamo. Kwa hiyo 2023 palikuwa na viongozi wa wanafunzi, tena wengi, na baadhi yao walipigwa picha wakiusifu mfumo. Hawakuwa na mahali pa kuuhojia, wala watu wengi nyuma yao wa kuwatuma wauhoji.

Watu 129

Yaliyobadilisha mambo yalitoka nje ya vyuo. Juni 2024 vijana walijaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni tarehe 25, wengine wakafa kwa risasi, na Rais akaukataa mswada aliokuwa akiutetea. Muhula wa Agosti ulipofika na barua za karo kusomwa nyumbani, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuona kwamba serikali hurudi nyuma ikisukumwa. Viongozi wao walitangaza maandamano ya tarehe 9 Septemba.

Ghafla milango ikafunguka. Rais alizungumza na viongozi wa wanafunzi, akaunda kamati ya kitaifa ya watu 129, wanafunzi na wazazi wakiwemo, kuupitia mfumo. Iligawanywa katika kamati ndogo nne: moja ya mfumo kwa jumla, moja ya bendi na rufaa, moja ya mikopo, moja ya gharama za kozi. Ukitazama orodha hiyo utaona ni yale hasa ambayo yangefaa kujadiliwa kabla ya Mei 2023. Ajenda ilikuwa sahihi. Ilikuwa imechelewa kwa miezi kumi na sita, na kundi la pili la wanafunzi lilikuwa tayari linafungasha masanduku.

Nina shaka pia na hiyo 129. Kamati ya watu tisa hubishana. Ya watu 129 husomewa. Lakini nisiwe mkali mno: kwa baadhi ya wanafunzi walioketi humo, ilikuwa mara ya kwanza kukaa chumba kimoja na watu wa HELB na wa Hazina ya Vyuo Vikuu wakiwa na karatasi zilezile mkononi.

Mahakamani

Wakati barabara na Ikulu zikivutana, faili moja ilikuwa ikisonga polepole. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya kiserikali, pamoja na wenzake, kundi moja la wanafunzi likiwa miongoni mwao, walikuwa wamefika Mahakama Kuu tangu 2023. Hoja yao ilisimama juu ya Katiba ya 2010: kifungu cha 10 kinachotaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, cha 27 kinachokataza ubaguzi, cha 43 cha haki ya elimu. Ningeongeza cha 55, kinachoiagiza dola iwape vijana nafasi ya kuwakilishwa na kushiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi.

Oktoba 2024 Jaji Chacha Mwita alisimamisha mfumo kwa muda. Tarehe 20 Desemba akatoa hukumu: mfumo ni kinyume cha Katiba. Haukuwa na msingi wa kisheria wa kutosha, umma haukushirikishwa ipasavyo, unabagua, na umevunja matarajio halali ya wanafunzi.

Hilo la matarajio halali ndilo linalonivutia kama mtu wa kawaida asiye wakili. Mtoto aliyesoma miaka minne ya sekondari akijua kwamba C+ itampeleka chuo kwa karo inayojulikana, na mzazi aliyeuza ng'ombe wawili badala ya watatu kwa kutegemea hesabu hiyo, walikuwa na makubaliano na dola ingawa hakuna aliyetia sahihi. Mahakama ilikubali kwamba makubaliano ya namna hiyo hayavunjwi kwa hotuba.

Pacha wake

Kuna kisa cha pili kinachotembea bega kwa bega na hiki, na wachambuzi wa elimu hukiacha kwa wachambuzi wa afya. Nadhani hukosea.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii kuiondoa NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na kuleta SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliibatilisha, na mojawapo ya sababu ikawa kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha. Septemba Mahakama ya Rufani ikasitisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa kwa kipimo cha uwezo wa kaya, ndiyo, MTI, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Mwanafunzi wa chuo aliye chini ya miaka 25 na asiye na kipato huhesabiwa kuwa tegemezi wa mzazi wake. Kwa hiyo bima ya mwanafunzi imefungwa kwenye malipo ya mzazi. Rudi sasa kwa yule jirani wetu wa 23,700. Akiwa ameajiriwa, kabla hajagusa karo ya 50,000, kwenye mshahara wake zimekwisha kutoka kama 650 kila mwezi za afya na kama 355 za tozo ya nyumba. Akiwa ni mchuuzi, anajaza fomu ya pili ya umaskini, apimwe mara ya pili, na alipe mchango wa mwaka kwa mkupuo. Asipolipa, si yeye tu anayekaa bila bima. Binti yake akiugua malaria wiki ya mitihani atategemea zahanati ya chuo, ambayo katika vyuo vingi ina mstari wake katika orodha ya ada za kujisajili, na zahanati ya chuo inapomwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, swali la SHA linarudi.

Ofisi mbili, vipimo viwili, kaya moja. Kama kungekuwa na meza ambapo mwanafunzi anaketi karo na bima zinapoamuliwa pamoja, angalau mtu mmoja angeuliza kama watu wa kipimo hiki wamewahi kuongea na watu wa kipimo kile, na mama muuza mboga akiwa bendi ya kwanza huku ataitwa nani kule.

Baada ya hukumu

Ushindi wa Desemba 2024 ulidumu muda mfupi. Machi 2025 Mahakama ya Rufani iliisitisha hukumu ya Jaji Mwita wakati rufaa ya serikali ikingoja kusikilizwa, ikawa mfumo unaendelea. Ni njia ileile iliyopitiwa na SHA: Mahakama Kuu inasema umma haukuulizwa, Mahakama ya Rufani inasema subirini kwanza, na huku nyuma watu wanajisajili, wanalipa, wanazoea. Kila muhula unaopita chini ya amri ya kusubiri unaufanya mfumo uwe mgumu zaidi kung'oa, kwa maana nani atawarudishia waliokwisha lipa?

Katikati ya 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba karo zitapunguzwa kwa kati ya asilimia 15 na 40 kuanzia Septemba. Ni nafuu ya kweli, na sioni sababu ya kuibeza. Chukua ile kozi yetu ya kubuni, uipunguze kwa asilimia 20 iwe 200,000: familia ya bendi ya tatu italipa 40,000 badala ya 50,000. Lakini chini ya mgawanyo ule wa bendi, yule wa 23,000 atalipa 20,000, na jirani yake wa 23,700 bado atalipa mara mbili yake. Bei imeshuka, ngazi imebaki palepale na vidato vyake vilevile.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninaposoma kila tangazo jipya kuhusu jambo hili. Sitazami asilimia iliyopunguzwa. Natafuta kama vigezo vya MTI na uzito wake vimechapishwa mahali mwanafunzi anaweza kuvisoma, kama barua ya bendi inaeleza imefikiwaje, na kama kwenye baraza la chuo linaloidhinisha ada kuna kiti cha mtu anayezilipa. Kuhusu kiti, hakihitaji jopokazi wala watu 129. Kinahitaji marekebisho ya kifungu kimoja cha sheria, mfano wa yale yaliyofanywa haraka mwaka 2016 wanafunzi walipoonekana ni wengi mno kwenye foleni ya kura.

Kijana wa KCSE iliyopita, wakati huo, amefika ukurasa wa tatu wa fomu. Anaulizwa mama yake anapata kiasi gani kwa mwezi. Anaita jikoni, na sauti inamjibu: "Mwezi gani?"